Namba Haiombwi na Baba

Wenye connection, someni hii polepole. Wenye degree za kufunikia sufuria, sogeeni karibu. Ukimaliza mtumie yule bosi, unamjua.

Gwamaka alikuwa straika wa chuo. Akigusa mpira, hata wahadhiri wanaacha lecture. Timu kubwa zikamtaka, yeye akaenda utumishi wa umma, akapanda mpaka akawa mkurugenzi wa halmashauri.

Ikatangazwa nafasi ya fundi wa visima. Moja tu. Waombaji tele, si tunajuana.

Kocha wake wa zamani, Mwasaga, akaingia ofisini.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Binti yangu Sekela ameomba ile kazi. Amesomea maji, cheti kinaota ukungu nyumbani. Mtoto wa kike bila kushikwa mkono, watamruka tu."

"Kocha, mkuu wa chuo alipotaka mwanawe acheze fainali badala yangu, ulimjibuje?"

Mzee akatazama sakafu. "Nilimwambia namba haiombwi na baba, inatafutwa mazoezini."

"Basi Sekela aje mazoezini."

"Yaani leo mkuu wa chuo ni mimi?" Akaondoka bila kuaga.

Sasa sikieni. Usaili haukufanyika kwenye kiyoyozi. Gwamaka aliwapeleka waombaji wote sokoni, kwenye kisima kilichokufa, akawavika vizibao vya mazoezi kama timu. Kila mtu na zamu yake, wananchi wanatazama, wasaili kutoka wilaya nyingine wanatoa alama.

Mmoja, mtoto wa mkubwa fulani, aliuliza pampu ni ipi. Serious. Soko zima likacheka.

Wengine wakahangaika, wakashindwa. Ikafika zamu ya Sekela, wa mwisho. Akainama, akaweka sikio kwenye bomba, akafungua, akasafisha, akafunga upya. Akasukuma mpini.

Hakuna hata tone.

Akasukuma tena. Maji hayo! Kina mama vigelegele, ndoo juu. Na aliyekuwa wa kwanza kuingia uwanjani, analowa, anarukaruka kama siku ya fainali, ni Kocha Mwasaga, ametokea nyuma ya kibanda cha viazi alikojificha.

Alama zikasomwa palepale. Sekela wa kwanza, tena kwa mbali.

Gwamaka akamsogelea mzee. "Umeona, Kocha? Nusura umbebe mtu mwenye miguu."

Funzo: Wakubwa, acheni kupiga simu, fungueni uwanja, anayejua ataonekana, na hata mwanao anastahili kushinda bila watu kunong'ona.