Kwa Nini Utosi wa Mtoto Huchelewa Kufunga

“Toa ukuni mmoja, Mrindoko, unayaunguza,” Nakunda alimwambia mumewe asubuhi ile, kwa ajili ya maharage yaliyokuwa jikoni. Mrindoko akainama, akavuta ukuni mmoja, akauzima majivuni. Alipoinua kichwa, mkewe alikuwa ameegemea nguzo, macho wazi, na hakuwa na neno jingine.

Zama zile watu hawakulia msibani. Watoto walizaliwa na utosi mgumu kama jiwe la kusagia, na chochote alichokijua marehemu hakikumwagika njiani. Mtu alizikwa, akakaa huko aliko miezi tisa au kumi, kisha akazaliwa katika nyumba ya jirani, akafumbua macho na kuulizia kigoda chake. Basi Nakunda aliagwa kama aagwavyo mtu aendaye gulioni: “Usikawie, mama.” Mrindoko, mlinzi wa bwawa lililonywesha mashamba ya mlima ule, alirudi kwenye kazi yake ya kufungua na kufunga maji. Usiku alilala upande wake wa kitanda, ule mwingine akauacha wazi. Alingoja.

Mwezi wa kumi Naniki, mke wa kijana wa jirani, akajifungua mtoto wa kike. Ilikuwa mimba yake ya tatu, na ya kwanza kufika. Mtoto akapiga chafya, akasema, “Mrindoko yuko wapi? Bila shaka aliyaunguza yale maharage.”

Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Mrindoko akaja mbio, tope la mfereji likiwa bado magotini.

“Umekonda, mume wangu,” mtoto akasema.

“Na wewe umepungua kidogo,” akajibu, na siku hiyo hakumfungulia mtu yeyote maji.

Lakini mtoto hakunyonya. “Huyu binti nimemfundisha mimi kusonga ugali,” alisema. “Leo nimnyonye? Nipeni uji wa ulezi.” Akapewa uji, tumbo likaukataa. Baadhi ya waliorudi walikubali kunyonya kwa aibu, wamefumba macho. Wengi hawakukubali, na ndiyo maana watu wa zama zile walikuwa wachache.

Siku ya saba Naniki alimfuata Mrindoko bwawani, nguo yake imelowa maziwa kifuani.

“Baba,” alisema, “wewe mkeo amerudi. Mimi mwanangu hajaja.”

Mrindoko alikuwa mtu wa kupima mambo, akalipima na hili. Nakunda akifa atarudi tena, kwa mama mwingine, naye huyo atakaa hivihivi na maziwa yasiyo na mnywaji. Na yeye Mrindoko atakuwa na furaha, kila mara, kwa siku saba. Akatazama maji. Bwawa lililojaa bila tundu la kutokea halinyweshi shamba, hupasua ukuta.

Akaenda kumwambia Nakunda alichokiwaza: amfungulie tundu utosini, ayajuayo yatoke. Mtoto alimsikiliza hadi mwisho.

“Nikisahau yote, nitakuwa bado mimi?”

“Sijui.”

“Wewe nawe! Miaka yote hii hujajifunza hata kudanganya kidogo?”

“Sijui, Nakunda. Najua utasikia njaa, na utashiba.”

Mtoto akasema, “Basi fanya. Lakini polepole, una mikono ya jembe.”

Mrindoko akaweka kidole gumba juu ya kichwa chake, pale mwanamke anapoweka kata ya kubebea mtungi, akabonyeza kama alivyozoea kubonyeza udongo wa mlango wa bwawa. Mfupa ukalegea. Yakaanza kutoka: majina ya mbuzi, njia ya kisimani, ugomvi wa mwaka wa nzige, nani alimwambia nani nini. Mtoto alisema tangu adhuhuri hadi jua lilipogusa mlima, na jina la Mrindoko likatoka la mwisho. Kisha akalia bila maneno, kilio ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwa mtoto. Naniki akamtwaa, naye akanyonya.

Na tangu siku hiyo mtoto huzaliwa na utosi laini unaodundadunda, kwa kuwa bado kuna yanayotoka, na hupewa maneno mapya moja moja kadiri utosi unavyofunga. Akicheka usingizini, ni jambo la zamani linapita. Tangu siku hiyo pia tunalia misibani, maana hakuna ajuaye tena nani amerudi, wala kama wanarudi.

Ama Mrindoko, asubuhi iliyofuata alifungua maji ya mashamba mawili, akanawa miguu, akaenda kwa jirani na kibuyu cha mtindi. Akasimama nje ya kizingiti.

“Hodi. Nimesikia mmepata mgeni. Anaitwa nani?”

Hakuna mama aliyewahi kuulizwa hivyo. Watoto walikuja na majina yao. Naniki akamtazama mwanawe usoni kwa muda mrefu.

“Sijui bado, baba.”

“Fikiri taratibu,” Mrindoko akasema, akaketi kungoja.