Kofia Iliyofumuliwa

Ndugu zangu, tulieni kidogo, na nyinyi akina mama kule nyuma ya pazia tegeni sikio, maana mfano huu ni wenu.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, mshonaji wa kofia za vito, zile za matundu madogo madogo ambayo kila moja huzungushiwa uzi kwa mkono. Mimba tatu zilikuwa zimemharibikia. Ya nne ilipoingia, akathubutu kukata kitambaa cheupe, akaanza kofia ya mtoto.

Wiki ya sita akaenda kupimwa. Muuguzi akamwonyesha picha kwenye kioo, akasema, "Kwa sasa ni nukta tu, mama." Basi mwenzenu hakusikia jingine. Akarudi nyumbani amenywea, akachukua sindano, akaanza kuifumua ile kofia. Aliogopa kumpenda mtu ambaye huenda asije. Nani kati yetu angemlaumu?

Hajafika mbali, mteja akapiga hodi, kaja kuchungulia kofia yake ya Idi. Akaigeuza huku na huku, akakunja uso.

"Fundi, hiki ni kitambaa kichafu chenye matundu na michoro ya kalamu. Kofia yangu iko wapi?"

Mwanamke akaja juu. "Hiyo uliyoshika ndiyo kofia. Imebaki kushonwa, kufuliwa na kutiwa wanga. Wewe unaona matundu kwa sababu hujui kazi. Mimi ninayeishona najua inakokwenda."

Mteja akaondoka. Mama mkwe wa yule fundi, aliyekuwa kibarazani akichambua mchele, akainua kichwa.

"Mwanangu, hayo uliyomwambia mteja, mbona hujiambii mwenyewe? Kwani huyo aliye tumboni hana anayejua anakokwenda?"

Machozi yalimtoka yule mwanamke, kisha akatunga uzi upya na kushona pale alipofumua.

Mwezi wa tisa, vigelegele mtaa mzima. Kazaliwa binti! Kofia ya kiume wakamvika vilevile siku ya akika, ikamfunika mpaka macho, na mama yake akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa sisi. Qur'ani ilitueleza kabla ya kioo chochote kutuonyesha: tone, kisha pande la damu, kisha kinofu cha nyama, kisha mifupa ikavikwa nyama, kisha Mola akamtoa kiumbe mwingine kabisa. Katika hatua hizo, ipo asiyoijua? Hata za wale wadogo wetu ambao mimba zao ziliharibika wasifike, anazijua.

Wewe unayemwita mwanao "hafai", umeshamwona akikamilika? Na wewe uliyetubu Ramadhani, leo ukijitazama unaona bado ni kinofu tu, nani amekupa sindano ujifumue? Kila aliyeketi humu alikuwa tone ambalo hakuna aliyeliona, na leo amekuja kwa miguu yake mwenyewe kusujudu. Aliyetufikisha hapa hajachoka. Simameni, tunyooshe safu.