Jani Kwenye Paji la Minde

Ukibahatika kumwona minde, na hiyo ni bahati kwelikweli, maana wengi huzeeka mlimani wasimwone, utamkuta ni mnyama wa jamii ya paa, mweusi, mnene, mwenye kishungi chekundu katikati ya pembe. Zamani hakuwa nacho. Paji lake lilikuwa tupu, na pembe zake mbili fupi zilionekana toka mbali.

Wakati huo, kule Kilimanjaro msitu unapoanzia, aliishi Ndesario, mlinzi wa mfongo. Mfongo ni ule mfereji wa Wachaga unaoteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba. Ndesario aliupenda sana mfongo wake, na alijisifu juu yake kupita kiasi. Alisema hakuna ajuaye kujenga banio la kuchepushia maji kama yeye, akawaambia hata wageni ambao hawakuuliza.

Basi mwaka mmoja, katikati ya kiangazi, maji yakakatika. Ulezi ukaanza kunyauka na migomba ikalegea. Wazee wa ukoo wakakaa, wakampa Ndesario siku tatu: maji yarudi, la sivyo ulinzi apewe mwingine. Yeye jibu alikuwa nalo tayari. Alikuwa ameziona nyayo za minde karibu na banio, basi akatangaza kwamba minde ndiye aliyelibomoa kwa pembe zake, na kwamba angemuua.

Asubuhi akachukua mkuki. Mkewe, Mkunde, akamfuata na jembe, kwa kuwa alijua mkuki hauzibi banio.

Walimkuta minde pembezoni mwa vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, akitafuna majani. Alipowaona alikurupuka, akapenya kwenye ua wa masale. Isale hupandwa mipakani, na jani lake lina heshima yake: mtu aliyekukosea akikuletea jani hilo, huna budi kumsamehe, hata kama uchungu umekufika kooni. Minde akapanda mbio, Ndesario nyuma yake, Mkunde nyuma yao wote akihema, mpaka kwenye banio, ambako jabali lilimzibia njia mnyama. Akageuka. Jani la isale lilikuwa limenasa katikati ya pembe zake.

Ndesario akainua mkuki. Akajiambia kwamba jani limenasa tu, mnyama hajui mila. Lakini hakuurusha.

"Baba Kiwia, amebeba isale," Mkunde akasema taratibu. "Ukimchoma huyo, nani atakupokea wewe siku utakapobeba lako?"

Mkuki ukashuka. Ndesario aliona haya kumtazama mkewe, kwa hiyo akatazama chini, na hapo ndipo alipolikagua banio kwa mara ya kwanza tangu maji yakatike. Palikuwa na tundu kubwa, na ndani yake vilining'inia vipande vya shina la mgomba vilivyooza. Akakumbuka. Mwanzoni mwa kiangazi, mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, ikiwa imeiva kwa shemeji yake, alikuwa ameziba kwa mashina badala ya mawe na udongo wenye nyasi, kisha akateremka mbio asikose kata ya kwanza. Nyayo za minde ziliishia ukingoni, mahali pa kunywa. Hata moja haikufika kwenye tundu.

Alimweleza mkewe yote. Mkunde hakumcheka, ingawa nafasi alikuwa nayo.

Ndesario akachuna uzi kwenye shina la mgomba, akamsogelea minde polepole. Mnyama alitetemeka lakini hakukimbia. Akalifunga lile jani vizuri katikati ya pembe.

"Sasa hili ni langu," akamwambia. "Mimi ndiye niliyekukosea."

Kisha akampisha, minde akaingia msituni. Mume na mke wakashika mawe na udongo, na kabla jua halijazama maji yaliufikia ulezi wa chini kabisa. Ndesario aliungama mbele ya ukoo. Walimcheka msimu mzima, lakini ulinzi wakamwachia, kwa sababu sasa walijua hataharakisha tena.

Na tangu siku hiyo jani lile halikuanguka. Lilikauka likawa jekundu, likashika mizizi kwenye ngozi, na watoto wa minde wakazaliwa nalo, pembe zao zikiwa zimejificha nusu ndani yake. Ndiyo maana mtu wa kule akikutana na minde humpisha njia. Amebeba ombi letu la msamaha, na mpaka leo hajalitupa.