Magunia Sita Aliyomficha Wakili Wake

Wapendwa, kabla hamjaanza kunitazamia saa, tulieni. Leo nina mfano mtamu kuliko mifano yote iliyowahi kupita kwenye madhabahu haya, na nasema hivyo mchungaji akiwa amekaa palepale, atanisamehe. Shule niliacha darasa la sita, lakini huu nimeutunga kwa kichwa changu mwenyewe. Wenye digrii wakiutaka wataniona nje.

Haya. Yupo mkulima wa vitunguu. Jina lake kamili siwapi, maana mtaanza kugeuka geuka kumtafuta. Kampuni moja ya mjini ilimpa mbegu na dawa, wakasainiana mkataba: vitunguu vyote vya shamba lile ni vya kampuni, na vikishavunwa na kukauka, kampuni italeta lori ndani ya siku kumi. Mkataba kurasa saba. Ndugu yetu alisaini zote saba bila kusoma hata mstari. Unacheka? Wewe simu yako ya mkopo ulisoma masharti? Basi nyamaza.

Vitunguu vikatoka, jamani! Kila kimoja kama ngumi ya bondia. Banda likajaa magunia mpaka kwenye bati. Zikapita siku kumi, lori hakuna. Kumi na tano, hakuna. Ishirini! Akipiga simu anaambiwa, "Tunalishughulikia." Na kitunguu mnakijua, hakina subira. Kikikaa sana kinachipua, kikichipua hakuna anayekitaka. Na walanguzi walishabeba vya wengine wakaondoka zao, msimu umekwisha. Sasa ama kampuni ichukue mzigo wake, ama miezi mitano ya kuinama shambani igeuke mbolea.

Mkulima akasema, "Hawa wamevunja mkataba. Nawapeleka mahakamani!" Akamchukua mkewe, wakaenda mjini kutafuta wakili.

Wakili mwenyewe ni mama wa makamo, ofisi yake iko juu ya duka la mabati. Akausoma mkataba wote, kurasa saba, taratibu, mpaka mkulima akaanza kujikuna. Halafu akavua miwani.

"Baba, kesi yako ni nzuri. Walitakiwa waje, hawakuja. Ila nijibu kitu kimoja. Kuna gunia lolote uliloliuza nje ya mkataba?"

"Mimi? Nje? Hata moja!"

"Nauliza kwa sababu humu ndani kuna kifungu..."

"Mama wakili, unaongea na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima! Mimi ndiye ninayewafukuza watu wanaouza kwa walanguzi. Andika hapo: hata moja!"

Mkewe akakohoa. "Baba Tumsifu..."

"Mama Tumsifu, mwache wakili afanye kazi yake." Na chini ya meza akamkanyaga mguu.

Sasa niwaambie alichokuwa anakijua Mama Tumsifu. Vitunguu vilipokuwa bado vinakauka, yeye mwenyewe alilazwa hospitali, tumbo, anatakiwa kupasuliwa haraka. Mume akachukua magunia sita, akayapakia kwenye lori la mlanguzi, mke akapona. Ninyi mngefanyaje? Mngemwacha afe ili mkataba upone? Ndugu huyu alitenda jambo la upendo kabisa! Lakini mwenyekiti anaona aibu. Mwaka uliopita alimfukuza mjane kwenye kikundi kwa magunia mawili tu, tena kwa mbwembwe, mbele ya watu. Sasa ataanzaje kusema na yeye ameuza?

Wakili akajaribu tena, kwa upole. "Baba, mimi niko upande wako. Wa kumwogopa ni yule wa kampuni. Mimi niambie tu, kizuri na kibaya, ndiyo kazi yangu."

Unajua alijibu nini? "Mama wakili, wewe una maswali kama mama mkwe wangu." Na binti wa huyo mama mkwe amekaa palepale pembeni yake!

Wakili akafunga faili. Akaandika barua kwa kampuni, kali, yenye mihuri, kwa maneno aliyopewa, na kesi ikafunguliwa.

Ukapita mwezi. Wakaitwa mahakamani kwenye usuluhishi, maana kabla kesi haijaanza kusikilizwa, pande mbili hukalishwa meza moja waone kama wanaweza kupatana. Mkulima kavaa suti yake ya harusi, vifungo vinalia. Msuluhishi akamuuliza, "Na wewe upande wako ulitimiza?"

Akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. "Mheshimiwa, bandani kwangu hakijatoka hata kitunguu cha kukaangia yai!"

Wakili wa kampuni, kijana mdogo, mpole, akasogeza simu katikati ya meza. Picha. Mwenyekiti wetu yuko juu ya lori, gunia begani, meno yote thelathini na mawili nje! Nani aliyeipiga? Mlanguzi mwenyewe, kaiweka mtandaoni kutangaza biashara yake. Heee! Unamficha wakili wako kitu ambacho wilaya nzima imeshakipa "like"!

"Yeye ndiye aliyevunja kwanza," kijana akasema, "na hakutuarifu. Ndiyo maana lori letu halikwenda." Akachukua simu yake, akaaga, akaondoka.

Nje kwenye korido mkulima akashika kichwa. "Mama wakili, nilikuficha kwa sababu nilijua. Nilijua nikikuambia ukweli tu, kesi yangu imekufa."

Yule mama hakufoka. Afadhali angefoka. Alifungua mkataba ukurasa wa tano, akaweka kidole, akasoma: mkulima akipatwa na ugonjwa au msiba nyumbani kwake, ataruhusiwa kuuza nje hadi magunia kumi, mradi aiarifu kampuni kwa maandishi ndani ya siku thelathini tangu auze. Akishaarifu, mkataba utaendelea kama kawaida.

Magunia kumi! Yeye aliuza mangapi?

Sita!

"Kwa tarehe ya ile picha, siku ile mlipokuja ofisini kwangu," wakili akasema, "ilikuwa siku ya ishirini na sita tangu uuze. Zilikuwa zimebaki nne. Barua ya kuwaarifu ningeiandika palepale, mistari mitatu, na lori lingekuja."

Mkewe ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Na sasa hivi?"

"Sasa, mama, ni siku ya hamsini na nane."

Wenye kusinzia nawaona wameamka.

Niambieni, kilichommaliza ni nini? Magunia? Magunia yalikuwa na kifungu chake! Kampuni? Kampuni ilitegemea kimya chake tu. Kilichommaliza ni kwamba alikaa kwenye kiti, mbele ya mtu mmoja katika mji mzima aliyekuwa upande wake, na huyo ndiye aliyemdanganya.

Na sisi je? Sisi tunaye Mtetezi. Anatuuliza, si kwa sababu hajui, anauliza kwa sababu kifungu cha rehema kiliandikwa kabla hatujaanguka, na anataka kukitumia leo. Sisi tunafanyaje? Tunapiga magoti, tunampa maelezo yaliyopigwa pasi! "Bwana, wewe unajua jinsi ninavyokutumikia." Kaka wa gitaa, unainamisha kichwa kwa nini? Mama wa umoja wa wanawake, uliyeacha kusalimiana na shemeji yako tangu mavuno, umemwambia Bwana sababu yenyewe, au umemwambia ile uliyotuambia sisi? Tunamkatiza kabla hajamaliza sentensi. Anasema, "Kuna kifungu..." Sisi: "Hata moja!" Na yule anayetujua, anayekohoa pembeni yetu, tunamkanyaga mguu.

Yule mkulima alikuwa na siku nne na hakujua. Mimi sijui zangu. Wewe unazijua zako? Simama basi utuambie! Hakuna.

Kwa hiyo leo hatutaimba kwanza. Kila mtu afumbe macho, amwambie Mtetezi wake jambo moja, lile lile ambalo amekuwa akilizunguka. Usimpambie. Usitafute Kiswahili kizuri. Mistari mitatu inatosha.

Na kwa kuwa mimi hupenda kuwa wa kwanza kwa kila kitu, natangulia, tena kwa sauti, msikie wote. Bwana, ile funga ya siku tatu niliyowatangazia hawa watu, siku ya pili nilikula chapati kwa dada yangu. Nne. Na maharage.

Haya, nimemaliza yangu. Fumbeni macho.