Sura Katika Fedha ya Rumi

Nikisema "palikuwepo", nanyi semeni "tupo, twasikia". Palikuwepo! Eee, sogeeni basi, na wewe Bahati toa kidole puani.

Zamani, kabla babu ya babu yangu hajaota jino, katika mji ambao sasa umemezwa na mchanga, aliishi mfua fedha, Fundi Shekue. Mkewe Mwanamize alikuwa amefariki mwaka ule, na nyumba ikamwelemea.

Siku moja jirani yake, Bi Kutubia, akichimbisha kisima, akafukua mtungi. Mtungini fedha, fedha tupu! Fedha za Warumi: upande huu wafalme wao na mataji ya majani, upande ule miungu yao ya uongo, huyu ana mkuki, yule ana mbawa.

"Fundi, yeyusha zote," akasema Bi Kutubia. "Nataka vikuku vya mjukuu wangu Zamu. Anaolewa Ijumaa."

Fundi akayeyusha. Akayeyusha wafalme, akayeyusha miungu. Mara mkono ukasita. Kwenye sarafu moja palikuwa na mwanamke ameketi, nywele kafunga fundo kisogoni, kidevu juu. Wallahi, Mwanamize huyo! Akaificha kibindoni, na ndani ya kikuku kimoja akatia moyo wa shaba, uzito usipungue.

Msimcheke, wajukuu. Mimi nami nyanya yenu alipofariki, niliificha kanga aliyokuwa ameiazima kwa Bi Saumu. Alipoiulizia nikasema siijui. Mungu anisamehe.

Basi Fundi akasimama kuswali. Akisujudu, sura ile. Akiinuka, sura ile. Swala haikai. Alhamisi alasiri akaenda na sarafu kiganjani.

"Bi Kutubia, mimi mwizi. Kikuku kimoja kina shaba."

"Astaghfirullah! Na Zamu akivae kesho mbele ya wakwe! Tamaa ya fedha, Shekue?"

"Si fedha. Ni huyu."

Bibi akaisogeza sarafu jichoni, akacheka mpaka machozi. "Ee, Mwanamize kabisa! Pua ile ile iliyokuwa ikinusa chungu changu kila siku." Kisha akafuta macho. "Lakini hii ni sanamu, ndugu yangu. Mwanamize yuko kwa Mola wake. Haya, twende kwako na kikuku, washa moto, nitakuvukutia mwenyewe."

Fundi akapasua kikuku, akatoa shaba. Sarafu ikalainika motoni. Kidevu kikazama, fundo la nywele likazama, fedha yake ikajaza pale palipokuwa na shaba. Akalia wazi, na Bi Kutubia akavukuta huku akimsimulia vituko vya marehemu, hata kilio kikachanganyika na kicheko.

Ijumaa Zamu akaja kumbusu mkono. "Shikamoo, babu." Kikuku kile kikamgusa Fundi kiganjani, kikiwa baridi.

"Marahaba, mwanangu."

Akaenda msikitini, akasujudu. Hakuona ila mkeka.

Basi, wajukuu, ukimpenda aliyekufa muombee, usimwibie aliye hai. Kisa nimekikunja. Sasa Bahati, nifungulie lile sanduku, kisha unishike mkono twende kwa Bi Saumu. Kanga yake iko chini kabisa.