Fundo la Ishirini la Kalunde

Hapo zamani, katika nchi ya Igongwe, ambako chumvi ilichemshwa kutoka kwenye chemchemi, palikuwa na sheria tamu kuliko asali. Mtu akichemsha chumvi ya mtemi misimu ishirini mfululizo, kazi yake imekwisha. Hagusi tena kuni, hatokwi tena na machozi ya moshi. Anapewa nyumba karibu na ghala la mtemi, na kila siku chungu chake kinajazwa chakula, mpaka siku atakayozikwa. Hicho kiliitwa chungu cha uzeeni, na waliokipata walitembea kifua mbele, utadhani wao ndio waliomzaa mtemi.

Lakini tegeni masikio, maana hapa ndipo penye kesi. Kila mchemshaji alikuwa na kamba yake, imetundikwa barazani kwa karani. Msimu ukiisha, siku iliyoitwa Siku ya Mafundo, alikwenda mwenyewe akafunga fundo moja la uzi mweusi kwa mkono wake. Msimu mmoja, fundo moja. Akikosa msimu mmoja tu, karani anachukua kisu, kamba inakatwa, na yeye anaanza upya fundo la kwanza, hata kama kabakiwa na meno mawili.

Sasa palikuwa na mjane mmoja, jina lake Kalunde. Kamba yake ilikuwa na mafundo kumi na tisa. Kumi na tisa! Alikuwa ameshaanza kuota ugali wa bure. Ndipo, wiki ya kwanza ya msimu wa ishirini, miguu ikavimba, homa ikampanda, akaanguka kitandani hawezi hata kuinua kibuyu cha maji.

Mtasema, si angetuma mtu akamwambie karani? Ee, nyie hamuwajui watu wa Igongwe. Wachemshaji walikuwa na mwiko wao wa tangu enzi za mababu: ugonjwa wa mchemshaji hautajwi, iwe penye meko au barazani kwa karani. Ukitajwa, chumvi haigandi. Mwenzao akiugua, wanasema hayupo, kisha wanatazama pembeni. Na karani huandika hivyo hivyo: hayupo. Kisu kinafuata.

Basi Tungu, ambaye jiko lake lilikuwa ubavuni mwa jiko la Kalunde, akaja kumtazama.

"Lala, dada," akasema. "Vyungu vyako nitavichemsha mimi."

"Utawezaje? Vyako na vyangu?"

"Mikono ninayo miwili. Unadhani Mungu alinipa wa pili wa kufukuzia inzi?"

Na kweli akachemsha. Chungu chake, chungu cha Kalunde. Kuni zake, kuni za Kalunde. Msimamizi akipita, anaona chumvi nyeupe penye jiko la Kalunde, anaridhika, anapita. Mwezi wa kwanza hivyo, mwezi wa pili hivyo. Mwezi wa tatu chungu kikapasuka, maji ya moto yakammwagikia Tungu mkononi, vidole vitatu vikakakamaa. Akafunga kitambaa, akaendelea kuchemsha.

Kalunde huko kitandani aliona haya mpaka basi. Kila siku alijiuliza jambo moja: chumvi Tungu ataichemsha, sawa, lakini fundo nani atalifunga?

Na palikuwa na Ngolo. Huyu alikuwa mwanamke jirani ya Kalunde, naye alikuwa mchemshaji, mwenye mafundo kumi na moja. Hawakuwa wamesemeshana kwa miaka sita. Sababu? Ngolo alianika ufuta, jogoo wa Kalunde akala ufuta, Ngolo akala jogoo. Tangu siku hiyo wakikutana njiani mmoja anatazama mashariki, mwingine magharibi.

Siku ya Mafundo ikafika! Uwanja ulio mbele ya baraza ya karani umejaa, mistari imepangwa, hakuna mchemshaji anayeruhusiwa kutoka mpaka ngoma ya kufunga ipigwe. Nyumba ya Kalunde ilikuwa nyuma ya soko, lakini upepo ulileta sauti. Kila jina lilipoitwa, alilisikia akiwa amelala. Jina, kisha vigelegele. Jina, kisha vigelegele.

"Kalunde!"

Kimya.

"Kalunde!"

Kimya tena. Halafu zikaanza kelele ambazo hakuzielewa, akalala pale, akijua kisu kimeshatolewa. Yaliyotokea uwanjani aliyajua baadaye, lakini nyie nawapa sasa hivi.

Tungu alikuwa amejitokeza. "Bwana karani, Kalunde hayupo, ila chumvi yake hii hapa. Niruhusu nimfungie."

"Chumvi naiona," karani akasema. "Mkono siuoni. Fundo hufungwa na mwenyewe."

Hapo Ngolo akashindwa kujizuia. Miezi mitatu alikuwa anaona ule udanganyifu, na kila akiona, ule ufuta unamkaba kooni. Akapiga kelele uwanja mzima ukasikia: "Mwongo huyo! Kalunde ni mgonjwa! Ni mgonjwa tangu wiki ya kwanza, hajagusa hata ukuni mmoja!"

Lahaula! Watu wakaziba masikio. Mkuu wa meko, mwenye kulinda mwiko, hata kabla ya kuangalia kama chumvi imegoma kuganda, akanyakua kisu barazani na kuikata kamba ya Ngolo. Mafundo kumi na moja, chini! Ngolo akakaa mavumbini, mdomo wazi.

Lakini karani naye alikuwa amesimama, macho yamemtoka. "Umesema mgonjwa?"

Akawageukia wachemshaji wote.

"Sasa mbona siku zote hamniambii? Sheria ipo! Aliiweka babu yake mtemi. Mchemshaji akishindwa kazi kwa ugonjwa, hafungi fundo jeusi, anafunga jeupe, na jeupe ni sawasawa na jeusi. Masharti ni mawili tu: ugonjwa utamkwe mbele yangu, na mgonjwa nimwone kwa macho yangu kabla ya ngoma ya kufunga. Miaka thelathini nimekaa na uzi mweupe kikapuni, hajaja hata mmoja kuuomba!"

Watu wakatazamana. Miaka thelathini! Kila mmoja alimkumbuka mama, au mjomba, au yeye mwenyewe, aliyekatiwa kamba akiwa kitandani. Mzee mmoja akaanza kulia waziwazi.

"Ametamkwa," karani akasema. "Bado kuonwa. Na mpiga ngoma huyo ameshashika magongo."

Nani atamleta? Wachemshaji hawaruhusiwi kutoka, na karani haziachi kamba. Ngolo bado amekaa mavumbini. Uwanjani palikuwa na mwanamume mmoja tu mwenye nguvu asiye mchemshaji: Masele, muuza kuni, mume wa Mbula, binti pekee wa Kalunde. Mkwe! Na mnajua mambo ya mkwe na mama mkwe katika nchi ile. Hawatazamani. Hawali pamoja. Akimwona kwa mbali anaingia porini. Kumgusa? Afadhali ushike nyoka.

Masele akautupa mzigo wa kuni, akakimbia.

Kalunde alisikia miguu inakuja mbio, kisha akaona mgongo. Naam, mgongo! Mkwe wake alikuwa anaingia nyumbani kinyumenyume, uso ameuelekeza mlangoni, jasho linamchuruzika.

"Mama, nisamehe. Nimekuja kukubeba. Fundo lako lipo, ni jeupe, karani anataka kukuona, ngoma inakaribia. Panda!"

"Toka, baba, toka!" Kalunde akavuta nguo usoni. "Unataka watu waseme nini? Afadhali nife na mafundo yangu kumi na tisa!"

"Mama, mafundo kumi na tisa hayaliwi."

Kalunde akaitazama miguu yake. Alifikiria moshi, alifikiria kuanza fundo la kwanza kwa miguu ile iliyovimba. Akajifunika kichwa kizima, akajivuta, akaangukia mgongoni kwa mkwe wake huku analia kwa aibu.

Masele akatoka mbio! Akapita penye visima, wanawake wakaangusha mitungi. Akapita sokoni, watu wakapiga mayowe: "Jamani, kambeba mama mkwe! Kambeba mama mkwe!" Wengine wakacheka mpaka wakakaa chini. Akapita mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, na Mbula, mwenye mimba ya miezi minane, akashika kichwa kwa mikono miwili. Masele hakusimama. Kalunde, ndani ya nguo, alisikia kila neno na kila kicheko, na pumzi ya mkwe wake ikikatika.

Wakaingia uwanjani. Gongo la mpiga ngoma lilikuwa juu.

"Ngoja!" karani akanguruma. "Uso! Nimwone uso!"

Na Kalunde, mbele ya mkwe wake na nchi nzima, akaivua ile nguo. Karani akamtazama, akaona macho yalivyoingia ndani, akaona miguu. Akampa uzi mweupe. Kalunde akafunga, fundo likateleza mara ya kwanza, likateleza mara ya pili. Mara ya tatu likakaza.

Ishirini!

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wote wakapokea. Tungu alirukaruka na mkono wake uliofungwa kitambaa. Kalunde alilia na kucheka kwa pamoja, na hakuona haya hata kidogo.

Lakini karani akanyanyua mkono. Mwenye chungu cha uzeeni, akasema, hukabidhiwa kata ya kupakulia, naye humpa mtu mmoja. Mtu huyo anaingia naye kwenye nyumba ya ghalani, anamuuguza, anakula naye, na siku mzee akifa, chungu kinabaki kwake maisha yake yote. Mtu mmoja, wala si wawili. Na ampe sasa hivi, kabla ghala halijafungwa, la sivyo nafasi inarudi kwa mtemi.

Tungu akawa wa kwanza. "Kata ni yangu. Msimu mzima nimechemsha mara mbili. Bila mimi, kamba yake ingekatwa wiki ya kwanza. Tazameni vidole hivi. Msimu ujao nitashikaje chungu?"

"Si utafunga fundo jeupe?" mtu akamdakia. "Na wewe ungetamka mapema, usingeungua."

"Na mimi atanitamka nani?" Tungu akajibu. "Si mmeona yaliyompata aliyetamka!"

Masele akasogea, macho chini. "Mimi nimembeba. Bila mgongo huu uzi mweupe ungebaki kikapuni. Wazee wa ukoo wameshaniambia hapa hapa uwanjani: mke wangu anarudi kwao mpaka nitoe ng'ombe wawili wa kuosha aibu. Mimi ni muuza kuni, ng'ombe nitamtoa wapi? Mtoto wangu atazaliwa mimi nikiwa nje ya ua."

"Mkwe na mama mkwe nyumba moja?" watu wakacheka.

"Cheka," Masele akasema. "Ulikuwa hapa uwanjani, na hukwenda."

Kicheko kikakatika. Ndipo Ngolo akainuka mavumbini, ameshika kipande cha kamba yake.

"Mimi sikusema kwa wema," akasema. "Nilitaka aumbuke. Mungu anajua, na nyie mnajua, sitawadanganya. Lakini ninyi mnaompenda mlinyamaza miezi mitatu, na upendo wenu ungemfikisha kwenye kisu. Kinywa kilichotamka ni hiki. Mafundo yangu kumi na moja yamelipia neno moja, na mimi sina mume, sina mtoto, na umri wa kuanza upya sina."

Kalunde akamtazama Tungu na kitambaa chake. Akamtazama Masele, kwa mara ya kwanza usoni. Akamtazama Ngolo, na kwa miaka sita hakuwa amemtazama. Kata ilikuwa mkononi mwake, na mlinzi wa ghala alikuwa ameshaanza kusukuma mlango.

Mimi sijui alimpa nani, maana aliyenisimulia aliishia kuniuliza hili hili ninalowauliza. Haya, semeni haraka, mlango unafungwa. Je, nani alistahili kata ile: aliyeumia kwa ajili yake, aliyeaibika kwa ajili yake, au aliyemchukia akamwokoa?