Kanuni ya Hemedi na Barua ya Mwantumu

Mtuma na anyooshe, mpokea asikaze. Mmeisikia leo kwa Bi Nuru akimpa mkwewe ukweli wake, mkaja mbio kuniuliza asili yake. Sogeeni basi, na wewe wa mlangoni ingia, nyumba haijai watu. Chanzo chake ni ugomvi wa majirani wa ukuta mmoja, hapa hapa mtaani kwetu.

"Umeirudisha barua ya mwanangu, Hemedi! Leo Alhamisi. Kesho saa sita mchana nafasi ya Mwantumu chuoni anapewa mwingine!"

"Bi Saumu, sikuirudisha mimi. Kanuni ndiyo iliyoirudisha."

"Kanuni ina mikono?"

Watu dukani wakacheka, na Hemedi akahisi masikio yanamuwaka. Ndiye aliyekuwa na duka la kompyuta, na siku hizo nyumba arobaini zilitumia anwani yake moja ya barua pepe. Zamani kila aliyeingia dukani alichungulia za wenzake. Posa ya binti Shekue ilifika sokoni kabla baba mtu hajaisoma! Watu walipolalamika, Hemedi akatunga kanuni: mstari wa juu wa kila barua uwe na jina, mtaa na nambari ya nyumba. Ikipungua moja, mashine iirudishe ilikotoka. Aliibandika ukutani, akaipiga na muhuri. Umbea ukapungua, naye akatembea kifua mbele.

Sasa wasichana wawili wa mtaa wa pili walikuwa wameitwa chuo cha uuguzi, wajibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na Mwantumu, aliyewapita wote kwa alama, kimya. Hemedi alipofungua orodha ya zilizorudishwa mbele ya Bi Saumu, akaikuta ya chuo: jina lipo, mtaa upo, nambari ya nyumba hakuna.

"Mnaona?" akasema. "Kosa ni lao. Nikilegeza kwa mmoja, kesho tunarudi kule kule kwa kuchunguliana."

Mzee Kiluwa, aliyepanga barua posta miaka thelathini, alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake. "Kijana, chuo kiliijuaje kanuni yako?"

"Niliwaandikia mimi mwenyewe. Vyuo, maofisi, wote."

"Ifungue tuione."

Akaifungua bila wasiwasi, maana alijiamini. Mstari wa juu ulikuwa mtupu. Chini aliomba jina na mtaa, basi. Habari ya nambari ya nyumba hakuigusa, na hata jina lake alisahau kuliweka.

"Na walikujibu nini?" akauliza mzee.

Hemedi akasoma kwa sauti ndogo: "Tumepokea, ahsante. Tutafuata."

"Ehee! Barua haina kichwa wala mwenyewe, wakaipokea, wakahangaika kuielewa. Yao ina pengo moja, na pengo umelitia wewe, ukawafungia mlango. Posta tulikuwa na barua zilizoandikwa 'kwa mama Asha, karibu na msikiti', na zilifika. Tuliuliza watu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Bi Saumu alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Hemedi akavuta kiti, akakiandikia chuo barua iliyonyooka: Mwantumu ni nani, anakaa nyumba namba ngapi, kwa nini barua yao ilirudi, na kwamba kosa ni lake yeye Hemedi. Akaisoma mara tatu ndipo akaituma. Kisha akabandua karatasi ukutani, akaandika nyingine, na mashine akaipanga iifuate: sisi tukituma, tukamilishe kila kitu. Ikija pungufu, iwekwe kando pasipo kufunguliwa, mwenyewe atafutwe kwa jina.

Adhuhuri ya Alhamisi hiyo ikapita. Bi Saumu hakuondoka, na kwa kuwa hakuondoka yeye, mtaa nao haukuondoka. Kabla ya alasiri barua ya chuo ikaingia, safari hii tena bila nambari ya nyumba! Mashine ikaiweka kando. Hemedi akasimama kwenye kizingiti, akaita, "Mwantumu binti Saumu! Njoo usome, barua yako imefika!" Msichana akaketi, akaifungua, akakuta nafasi yake ipo, akathibitisha kwa mkono wake mwenyewe.

Vigelegele vilipotulia, Hemedi akaenda nyumba ya pili, ng'ambo ya ukuta wao, kuomba radhi. Akasimama nje ya mlango wa Bi Saumu akitafuta maneno, na ndani kumejaa watu na sahani.

"Hemedi, mwanangu," Bi Saumu akamwahi, "mtuma na anyooshe, mpokea asikaze. Haya, vua viatu uingie ule, wali unapoa."